Usijisumbue, Mama

Kifungo cha shati lake kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja.

Tulikuwa watatu chumbani: mimi, kijana ninayetembea naye katika huduma ya kuwatembelea wazee na wagonjwa, na mama mmoja mzee ambaye magoti yamemfungia ndani kwa muda mrefu. Tulikwisha kusoma Zaburi, tulikwisha kuomba, nami nilikuwa nakunja shuka zilizokauka. Mama akakiona kile kifungo. Akanyoosha mkono hadi kifuani kwa kijana, akamwambia, "Vua, mjukuu wangu, nikushonee."

Kijana akatabasamu. Akaushika ule mkono kwa upole, akaurudisha taratibu mapajani kwa mwenyewe.

"Usijisumbue, bibi. Wewe pumzika tu."

Mama akamtazama kitambo. Kisha akanigeukia mimi, halafu akarudi kwake.

"Hata wewe," akasema.

Basi. Hakuongeza neno. Tuliagana kama kawaida, tukatoka. Njiani kijana alizungumza mambo mengi, nami nilikuwa naitikia bila kusikia, kwa sababu ile sentensi niliifahamu. Ilikuwa yangu. Ule upole, ule mkono unaorudishwa taratibu, hata lile "tu" la mwisho, vyote vilikuwa vyangu. Alichobadilisha ni neno moja: mimi humwita mama, yeye alimwita bibi.

Hilo limenikaa moyoni kwa wiki kadhaa. Naandika kwa sababu limekataa kuondoka.

## Nilichomfundisha na alichojifunza

Kijana huyu nimemlea katika huduma. Nilimfundisha asizungumze na mtu aliyelala huku yeye amesimama. Atafute kiti, ashuke, macho yakutane na macho. Nilimfundisha kwamba aliyoyaona ndani ya nyumba ya mtu yabaki humo humo. Nilimfundisha asiwe na haraka ya kujaza ukimya kwa mistari ya Biblia, maana wakati mwingine mgonjwa anataka tu mtu wa kukaa naye. Haya yote niliyasema kwa mdomo, naye aliyashika. Watu walipoanza kuniambia, "Yule kijana amefanana nawe," nilimshukuru Mungu, na sitaficha kwamba nilifurahi.

Lakini hili la "usijisumbue" sikumfundisha kamwe. Alilichukua mwenyewe, kwa kunitazama.

Paulo aliwaandikia Wakorintho, "Mnifuate mimi kama mimi ninavyomfuata Kristo." Zamani nilikuwa nausoma mstari huo kama mstari wa ujasiri. Siku hizi unanitia hofu, kwa sababu mtu anayekufuata hafuati yale mazuri tu uliyoyaandaa. Anafuata na zile hatua ambazo wewe mwenyewe hukujua kwamba unazipiga.

Nikaanza kuhesabu ni mara ngapi mama yule alikuwa amenyoosha mkono kwangu. Upindo wa gauni langu uliofumuka: "Lete nikupigie." Usijisumbue, mama. Siku niliyofika nimechoka, akataka nikae kwanza yeye aniombee: Tutaomba wote mwishoni, mama. Siku aliyotaka kunisimulia jinsi alivyojifunza kushona akiwa msichana, nami nikatazama saa.

Maana mama yule alikuwa fundi. Cherehani yake ipo mpaka leo, pembeni ya chumba, imefunikwa kitambaa. Na hapa ndipo moyo ulipoanza kuniuma kweli. Nilikumbuka kwamba kila wiki, nikimaliza kukunja shuka, mimi huzipanga juu ya ile cherehani.

Niliigeuza kuwa meza.

## Heri aliye na heri

Tunapenda kunukuu neno lile la Bwana ambalo Paulo aliwakumbusha wazee wa Efeso: ni heri kutoa kuliko kupokea. Halimo katika Injili yoyote kati ya zile nne. Limetufikia kupitia Matendo 20, katika hotuba ya kuagana. Nimelitumia mara nyingi kuwahimiza wengine kujitoa.

Sikuwahi kuliuliza swali hili: kama heri iko upande wa anayetoa, mimi ambaye sikubali kamwe kupokea nimemwachia nini yule ninayemhudumia?

Heri yote nilijichukulia mimi. Yeye nilimwachia shukrani. Kila wiki kazi yake ilikuwa moja, kusema asante. Na mtu ambaye hana kazi nyingine duniani isipokuwa kusema asante, hata kama amefuliwa, amelishwa na kuombewa, kuna kitu ameporwa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usiseme ni utajiri. Mama yule moyo wa kutoa anao. Mimi ndiye niliyekuwa nimeamua, bila kumwuliza, kwamba mali yake imekwisha.

Nilijitetea, bila shaka. Nilijiambia kwamba nilikuwa namhurumia. Lakini nilipojichunguza kwa muda mrefu niliona kwamba chini ya ile huruma palikuwa na kitu kingine. Nilipougua mimi mwenyewe, kina mama wa kanisa walipotuma ujumbe kwamba wako njiani kuja kunitazama, niliamka kitandani nikafagia sebule. Walinikuta nimevaa, nimekaa wima, nawakaribisha. Waliondoka wakisema nina imani kubwa.

Haikuwa imani. Sikutaka mtu yeyote anione nikihitaji.

## Miguu ya Petro

Nikarudi kwenye Yohana 13. Nadhani kila anayehudumu huirudia sura hiyo, ile karamu, lile beseni, kile kitambaa kiunoni. Nimeihubiri. Nimewaambia vijana kwamba Yesu alishuka akawaosha wanafunzi wake miguu, basi nasi tushuke.

Safari hii macho yangu yalikwama kwa Petro. "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Siku zote nilikuwa namwona Petro pale kama mtu mnyenyekevu aliyezidisha kidogo, anaona aibu Bwana wake kushika miguu yenye vumbi. Lakini ukishuka hadi mwisho wa sura, usiku ule ule, mtu huyo huyo anamwambia Yesu kwamba atautoa uhai wake kwa ajili yake.

Yuko tayari kutoa uhai. Hayuko tayari kutoa miguu.

Nilijiona pale. Kutoa uhai ni jambo kubwa, ni jambo la mtu mwenye nguvu. Kutoa miguu ni kukaa kimya, mtu mwingine akiwa ameishika ile sehemu yako isiyopendeza, nawe huna la kufanya. Petro angependa kumfia Yesu kuliko kuoshwa naye. Ilibidi ajue kwanza kuoshwa, na hata hicho alichoahidi kutoa kilimshinda kabla jogoo hajawika.

Jibu la Yesu lina neno ambalo nalitafakari mpaka sasa. Katika Biblia yetu ya Union, ile ya mwaka 1952, linasomeka hivi: "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Leo tukisikia "shirika" tunawaza ofisi, nembo, mpango wa mwaka. Pale lina maana yake ya asili: kushiriki, kuwa na fungu pamoja na mtu. Nami nikajiuliza huduma yetu kwa yule mama ilikuwa shirika la namna gani. Tulikuwa na ratiba. Tulikuwa na zamu. Tulikuwa na daftari la waliotembelewa.

Fungu pamoja naye hatukuwa nalo.

## Kilichotokea sura moja kabla

Halafu nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya nilipokuwa naandaa mahubiri juu ya sura ya 13. Nilirudi nyuma nikaanza sura ya 12.

Siku sita kabla ya Pasaka Yesu yuko Bethania. Martha anatumika. Lazaro, aliyefufuliwa, yuko chakulani. Mariamu anachukua ratili ya marhamu ya nardo safi, mafuta ya manukato ya thamani, anampaka Yesu miguu, anaifuta kwa nywele zake. Yuda anapiga hesabu: ingeuzwa kwa dinari 300, maskini wakapewa. Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu dinari ndiyo ujira wa kibarua wa siku nzima, kwa hiyo Yuda anazungumzia karibu mwaka mzima wa jasho la mtu. Hesabu yake ina mantiki. Mimi ningekuwa kwenye kamati, ningeiunga mkono.

Na Yesu anasema, mwache.

Hakuiondoa miguu yake. Hakumwambia Mariamu asijisumbue. Aliketi, akapokea, nyumba nzima ikajaa harufu. Siku chache baadaye alijifunga kitambaa akainama kwenye miguu ya wanafunzi wake. Mikono iliyoosha miguu usiku ule ilikuwa ya mtu ambaye miguu yake mwenyewe ilikwisha kufutwa.

Nilifunga Biblia nikakaa kimya muda mrefu. Miaka yote ile nilikuwa najifunza kutumika kutoka sura ya 13, na kumbe nilikuwa nimeiruka sura ya 12.

Tangu hapo nimekuwa nikimwona Bwana akiomba kila ninapofungua Injili. Kisimani Sikari amechoka na safari, na kabla ya kutamka chochote juu ya maji yaliyo hai anamwambia mwanamke Msamaria, "Nipe maji ninywe." Kwa Zakayo anajialika mwenyewe. Kwa Simoni anaomba chombo chake cha uvuvi akitumie kama mimbari, avue naye baadaye. Luka 8 inawataja wanawake waliokuwa wakimhudumia kwa mali zao, Mariamu Magdalene, Yoana mkewe Kuza, Susana na wengine wengi. Amepanda punda wa kuazimwa. Amekula Pasaka katika chumba cha mtu mwingine.

Mwenye vyote alikuwa mwepesi wa kuomba. Na ukiangalia waliombwa akina nani, ni watu ambao mji mzima ulikuwa umekwisha kuamua kwamba hawana cha kutoa.

## Wasiwasi wangu

Sasa nisije nikateleza upande wa pili. Nimeona pia watu wa Mungu wanaojua sana kupokea. Mjane anatoa akiba yake ya mwisho, na anayepokea anaondoka akimshukuru Bwana kwa uaminifu wa mjane. Marko 12 haikubali tuisome habari ya yule mjane wa senti mbili peke yake, aya chache tu kabla, Yesu ametoka kuwaonya watu juu ya waandishi, wale walimu wa sheria, ambao "hula nyumba za wajane." Ni pumzi moja. Aliyemwona mjane akitoa ndiye aliyewaona na wanaomla.

Kwa hiyo nilijiuliza sana tofauti iko wapi. Sina jibu lililokamilika, lakini naona hivi: wale waandishi walitaka kitu cha mjane. Mama yule hakuombwa kitu na mtu. Ni yeye aliyenyoosha mkono, tena kwa kitu anachokiweza na anachokipenda. Kazi yangu ilikuwa kutoukataa.

Wazo jingine lilinijia, nikaona ni afadhali nilikiri. Nilifikiri kukata kwa makusudi kifungo cha blauzi yangu ili nimpelekee ashone, apate furaha. Nilikuwa tayari nimeshika mkasi. Kisha nikaona kwamba hiyo nayo ni njia ya kubaki juu: ninajifanya mhitaji ili nimhudumie kwa uhitaji wangu wa uongo. Mzee wa umri ule angenijua mara moja. Nikaurudisha mkasi.

Kilichokuwa kinatakiwa ni kigumu zaidi. Nipeleke hitaji la kweli.

## Joho la Paulo

Katika hali hiyo nikasoma 2 Timotheo, nikitafuta jinsi Paulo alivyomlea kijana wake. Nilitazamia maagizo, na yapo: hubiri neno, uwe mwenye kiasi, vumilia mabaya. Lakini mwisho wa barua mzee yule yuko kifungoni, anajua wakati wake umefika, na anaomba. Lile joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, Timotheo akija alilete. Na vitabu, hasa vile vya ngozi. Na ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi.

Anasikia baridi, na anamwambia mwanawe.

Katikati ya maombi hayo kuna jambo ambalo lingeweza kupita bila kuonekana. Anamwambia Timotheo aje na Marko, "maana anifaa kwa utumishi." Ni Marko yule ambaye katika Matendo 15 Paulo alikataa katakata kufuatana naye, mpaka wakagombana na Barnaba wakaachana njia. Sasa Paulo anamhitaji, na analiandika hilo kwenye barua ambayo Marko mwenyewe angeweza kuisikia ikisomwa. Sijui kama kuna hotuba yoyote ya kumtia moyo mtu ambayo ingemfikia Marko kama neno hilo moja: ananifaa.

Mtu aliyethubutu kusema "mnifuate mimi" ndiye aliyethubutu kuomba koti. Vijana wake walimwona akifundisha, na walimwona akitetemeka.

Kijana wangu hajawahi kuniona nikihitaji chochote. Angejifunza wapi?

## Mazungumzo barabarani

Nilimwambia. Tulikuwa tunatembea, nami nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri, lakini yakatoka ovyo.

"Nilikufundisha vibaya," nikamwambia. "Kule kwa bibi. Siku ya kifungo."

Alishangaa. "Mbona hujawahi kunifundisha lolote juu ya kifungo?"

"Sikukufundisha. Uliniona."

Akanyamaza. Tukatembea hatua kadhaa. Kisha akaniambia kwamba hata yeye usiku ule hakulala vizuri, na kwamba hakujua alilokosea, kwa sababu alifanya vile ambavyo mimi ningefanya. Aliyasema bila lawama yoyote. Yalinichoma kuliko lawama.

Nikamwomba msamaha. Nilipomaliza aliingiza mkono mfukoni akatoa kile kifungo. Kilikuwa kimekwisha kudondoka, akakihifadhi.

## Sindano

Tulipofika hakusema mengi. Alimkabidhi mama lile shati na kifungo, akabaki na fulana yake ya ndani. "Bibi, nimekuja unishonee."

Mama hakujibu. Alinionyesha kwa kidole cherehani. Niliziondoa shuka nilizozipanga wiki iliyotangulia, nikatoa kitambaa, nikavuta droo. Sindano zilikuwa mle, zimechomwa kwenye kipande cha sponji, na vibiringo vya uzi vimepangwa kwa rangi. Miezi yote ile vilikuwa chini ya shuka zangu.

Ilichukua muda mrefu. Alijaribu kutia uzi kwenye tundu la sindano, ukapita pembeni. Akaulowesha kwa mate, akajaribu tena, ukapita pembeni. Nilikuwa nimeishikilia mikono yangu mwenyewe, mmoja ukiubana mwingine, isije ikaruka. Mara ya tano au ya sita akampa kijana sindano. "Nitilie wewe. Macho yamekataa." Alisema bila aibu hata kidogo, kama mtu anayeomba chumvi mezani. Kijana akatia uzi, akamrudishia, naye akashona, huku akimsimulia habari za msichana mmoja aliyejifunza kushona kwa kufumua nguo za watu ili aone zilivyoungwa. Ile habari ambayo mimi niliikatiza kwa kutazama saa.

Kifungo kilikaa juu kidogo ya tundu lake. Shati likifungwa linavutika upande mmoja. Kijana alilivaa hapo hapo, akalifunga hadi shingoni.

Mama akakata uzi kwa meno. Akanitazama, sindano bado mkononi.

"Na wewe, mwanangu? Wewe una nini?"

Mdomo wangu ulikwisha kufunguka. Lile neno lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi. Nikalimeza. Nikamwambia kwamba tangu nimzike mama yangu mzazi silali usiku, na kwamba sijamwambia mtu.

Akaichoma sindano kwenye sponji. Akapiga piga kitanda kando yake, na kijana akasogea kunipa nafasi.